Mwongozo Kamili: Chewa wa Chupa za Plastiki Anayeogelea na Kufungua Mdomo

Samaki wa vikaragosi ninaoletewa kuwatazama wana magonjwa matatu, na ni yale yale kila mara. Wa kwanza ni mkavu: ukimtikisa anakwenda mzima mzima kama ubao. Wa pili mdomo wake ukishafunguka haufungi tena, anabaki ameachama maonyesho yote. Wa tatu rangi imembanduka kabla hata hajafika kwa watazamaji.

Wote hao chanzo chao ni kimoja. Mtengenezaji alianza na sura, akaja kutafuta mwendo mwishoni. Kikaragosi cha samaki ni mwendo kwanza. Chupa tupu isiyo na jicho wala rangi, ikiwa inajipinda sawasawa, mtoto wa miaka minne ataiita samaki. Kwa hiyo hapa tutaanza na mifupa, na urembo utasubiri zamu yake.

Mwongozo huu ni wa samaki mmoja wa takriban sentimita 55, anayeshikwa kwa fimbo mbili. Umepangwa kwa warsha ya mtaa, pale ambapo kuna watu wengi, mikasi michache na watoto wasiotulia.

## Kwa nini chewa

Chupa ni duara, kwa hiyo chagua samaki mnene. Chewa anafaa kuliko wote: ana kichwa kikubwa, mdomo mpana na tumbo. Jodari na kibua pia wanawezekana. Changu na tasi ni wembamba wa ubavu, na ukilazimisha chupa iwe changu utapata kitu kisichojulikana. Taa usimguse kabisa kwa njia hii. Yeye ni wa kukatwa kwenye plastiki bapa.

Faida ya pili ya chewa ni tabia yake. Si samaki wa mbio. Hukaa chini ya jabali ametulia, halafu hupanua mdomo ghafla na kumvuta windo ndani pamoja na maji. Kwa mchezaji wa vikaragosi hiyo ni zawadi, maana hata anayeanza leo anaweza kutulia, kisha kufungua mdomo.

## Vifaa

Kwa samaki mmoja:

- Chupa 2 za soda za lita 1.5 au 2, zinazofanana, zenye mwili ulionyooka bila kiuno
- Chupa 1 ya soda ya lita 1 au 1.25
- Chupa 2 za nusu lita (moja ni ya akiba)
- Kidumu 1 cha mafuta ya kupikia cha lita 3 au 5, kile cha plastiki nyeupe isiyopenyeza macho
- Vizibo 6, viwili viwe vyeupe
- Kipande cha kiroba kilichotumika
- Uzi wa nyavu mita 3, na mshipi wa nailoni mita 2
- Ukanda wa tyubu ya baiskeli, urefu sentimita 12, upana nusu sentimita
- Waya mwembamba wa kufungia nondo, mita 1
- Fimbo 2 za mti, sentimita 60 kila moja. Mpini wa ufagio wa zamani ukikatwa unatosha
- Skrubu fupi 4

Vya kufanyia kazi: mkasi mkali, kisu cha kukatia karatasi, koleo, bisibisi, sindano ya gunia, mshumaa, pancha ya kutobolea karatasi, pasi, karatasi ya kuokea keki, msasa laini, maka peni, rula na glovu. Rangi ya mafuta ukiitaka.

Nimesema chupa za soda kwa sababu. Zimetengenezwa kuhimili gesi, kwa hiyo plastiki yake ni nene kidogo na haibonyei ovyo. Chupa nyingi za maji ni nyembamba na zina matuta, na mkasi ukipita kwenye tuta unayumba.

Fimbo nayo isiwe mwanzi. Mwanzi una uwazi ndani, skrubu haina pa kushika. Nimewahi kuona kichwa cha samaki kikiruka kikaangukia safu ya mbele kwa ajili hiyo. Watoto walishangilia sana, lakini hadithi ilikuwa imekwisha.

### Zijue plastiki zako

Tazama pembetatu ndogo chini ya chombo. Namba 1 ndiyo ya chupa za soda na maji. Namba 2 ni ya vidumu vingi vyeupe. Vizibo kwa kawaida ni namba 2 au 5. Namba 3 iache kabisa: ikipata moto hutoa mvuke wenye asidi unaochoma macho na kifua.

Namba ikiwa imefutika, kata kipande kidogo ukizamishe kwenye bakuli la maji, ukikisugua kisishike mapovu. Plastiki ya chupa ya soda huzama. Ya kidumu na ya kizibo huelea. Tofauti hiyo utaihitaji kwenye pasi, maana namba 1 hujikunja vizuri ikipata joto, lakini ya kidumu hulainika na kunata.

Tahadhari kwa wanaookota ufukweni: chupa iliyokaa juani miezi imekwisha kuiva. Ibonye kwa dole gumba. Ikitoa mlio wa kukatika au ikiacha mstari mweupe, hiyo ni ya magamba na mapambo tu. Mwili na taya vitoke kwenye chupa za mtaani zilizotumika karibuni.

## Siku moja kabla: kuosha na kukausha

Loweka chupa kwenye maji ya sabuni ya unga, maji yawe ya uvuguvugu tu. Maji ya moto sana yatazifanya chupa zinywee na utabaki na vikunjamano. Gundi ya lebo iliyobaki isugue kwa mafuta kidogo ya kupikia na majivu, kisha osha tena kwa sabuni. Usitumie petroli, hasa palipo na mshumaa.

Zipange midomo chini zikauke usiku kucha. Tone la maji ndani ya chupa ndilo mwanzo wa ugonjwa wa tatu, ule wa rangi kubanduka.

## Hatua ya 1: Chora mistari iliyonyooka

Mkono mtupu hauchori mduara ulionyooka kwenye chupa. Chukua ukanda wa karatasi, uzungushe chupani mpaka kingo zake zikutane sawasawa, kisha fuata ukingo kwa maka peni.

Chora hivi:

Kwenye chupa ya kwanza kubwa, mstari wa kwanza upite begani, mahali ambapo tundu likikatwa litakuwa na upana wa sentimita 5 hivi. Huo ndio mdomo. Pima sentimita 15 kuelekea kitako, chora mstari wa pili: hicho ni kichwa. Pima nyingine 7, chora mstari wa tatu: hiyo ni pingili ya kwanza ya mwili.

Kwenye chupa ya lita 1, chora pingili ya sentimita 7 katikati ya mwili, palipo na upana sawa.

Kwenye chupa ya nusu lita, chora pingili ya sentimita 6. Bega pamoja na shingo yake viache vilivyo, usitupe: hilo ndilo shina la mkia.

Halafu weka alama mbili kwenye kila kipande, moja mgongoni, moja tumboni, zikabiliane. Usiruke hili. Alama hizo ndizo zitakazoamua kama samaki ataogelea.

## Hatua ya 2: Kata

Vaa glovu mkono unaoshika chupa. Fungua njia kwa kisu, mkato wa sentimita 3 tu, ukiuweka upande wa plastiki itakayotupwa ili ukiteleza usiharibu kipande chako. Kisha ingiza mkasi na ufuate mstari huku ukizungusha chupa, si mkasi.

Kisu kishikwe na mtu mzima. Kwenye warsha mimi hufungua chupa zote mwenyewe kabla watoto hawajafika, wao wakaendelea kwa mkasi. Chupa ya soda iliyoshikwa kwa mkono wenye jasho huteleza kama samaki wa kweli.

Sasa kata pindo za pembeni. Chukua pingili uishike alama ya mgongo ikiwa juu. Kwenye ukingo wake wa mbele, upande wa kulia na wa kushoto, kata pindo lenye umbo la mwezi mchanga, kina chake sentimita 1.5 katikati. Fanya hivyo pia kwenye ukingo wa nyuma. Mgongoni na tumboni paachwe pakiwa pamechomoza. Kichwa na shina la mkia vinakatwa ukingo mmoja tu, ule utakaokutana na pingili.

Sababu ni hii: pingili zikiwa na kingo zilizonyooka hugongana ubavuni na kukataa kupinda. Pindo hizo ndizo nafasi ya kujikunja.

Umefanikiwa ikiwa, ukizisimamisha pingili mbili ncha kwa ncha mezani, unaona uwazi wenye umbo la jicho kila upande.

## Hatua ya 3: Piga pasi kingo

Plastiki iliyokatwa ni wembe. Watu wengi huzunguka hatua hii kwa kubandika selotepu, na kufikia saa sita mchana selotepu imeshaachia.

Pasha pasi kwenye joto la chini, lile la nguo za nailoni. Tandika karatasi ya kuokea juu ya uso wa pasi, kisha gusisha ukingo wa pingili juu yake kwa sekunde tatu hadi tano huku ukiuzungusha pole pole. Utaona plastiki ikijikunja kuelekea ndani na kuwa nene. Pasi ya mkaa inafaa pia, ila haina kipimo cha joto, kwa hiyo jaribu kwanza kwenye kipande cha kutupa. Kikinywea kwa kishindo, subiri ipoe.

Fanyeni nje au dirishani. Mkiona moshi au kusikia harufu kali, joto limezidi. Vipande vya kidumu usivilete hapa; kingo zake zinatosha msasa.

Ukingo huu mnene una kazi nyingine, na kazi hiyo ndiyo inayonifanya nisiruhusu mtu kuuruka. Pingili zitakapounganishwa, kingo za juu zitavutwa na uzi, kingo za chini zitasukumana. Kingo nyembamba zikisukumana moja hupanda juu ya mwenzake, na samaki anavunjika kiuno.

Kipimo: pitisha kipande cha kanga ukingoni kote. Kisikwame popote.

## Hatua ya 4: Toboa mashimo

Kila penye alama ya mgongo na ya tumbo, toboa matundu mawili yaliyo sentimita 1 kutoka kwa mwenzake, na yote yawe karibu milimita 8 kutoka ukingoni. Karibu zaidi ya hapo patachanika.

Pancha inatosha, na watoto wanaweza kuitumia. Pasipofikika kwa pancha, mtu mzima apashe sindano ya gunia kwenye mshumaa akiishika kwa koleo. Tundu la moto huacha ukingo mdogo mnene kuzunguka shimo, unaozuia mpasuko. Tundu la kisu lina pembe, na plastiki huanza kuchanika kwenye pembe.

## Hatua ya 5: Unganisha uti wa mgongo

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Samaki hupinda kulia na kushoto. Pomboo hupinda juu na chini. Ukifunga pingili zako ubavuni, kulia na kushoto, utapata mnyama anayeogelea kama pomboo, na utakaa siku nzima ukijiuliza mbona hafanani na chewa ilhali umempaka rangi ya chewa. Bawaba lazima ziwe mbili tu kwa kila kiungo: moja mgongoni, moja tumboni. Ubavuni pasifungwe kitu.

Tumia uzi wa nyavu, si mshipi. Mshipi unateleza na fundo lake hulegea likitikiswa muda mrefu. Pitisha uzi kwenye matundu mawili ya kichwa na mawili ya pingili ya kwanza, uzunguke mara mbili, kisha funga. Kabla ya kukaza, weka njiti ya kiberiti katikati ya kingo mbili. Kaza, kisha chomoa njiti. Uwazi uliobaki ndio unaotakiwa.

Mgongoni unaweza kubana hata zaidi ya hapo. Tumboni acha hiyo njiti moja. Wanaoacha uwazi wa kidole, wakidhani samaki atakuwa laini zaidi, hupata samaki mwenye mkia unaoinama chini kama amevuliwa jana.

Mpangilio kutoka mbele: kichwa, pingili ya lita 1.5, pingili ya lita 1, pingili ya nusu lita, kisha shina la mkia, shingo ikielekea nyuma. Upana unapungua wenyewe, na hiyo ndiyo sababu ya kutumia chupa za ukubwa tofauti.

Mara ya kwanza funga kwa waya, kwa muda tu, usikaze kwa uzi. Shika kichwa, tikisa. Samaki mkunje angali mbichi: kiungo kigumu kirekebishe sasa kwa kuongeza kina cha pindo, kabla ya rangi na mafundo ya kudumu. Ukitaka kupaka rangi, ruka kwanza hadi Hatua ya 9, upake, ndipo urudi kufunga kwa uzi.

Umefanikiwa ukimshika kichwa kwa mkono mmoja, mwili mzima ukabaki karibu kunyooka hewani, na ukikizungusha kichwa kidogo kulia, mkia ukachelewa kisha ukafuata.

## Hatua ya 6: Mkia

Kutoka kwenye kidumu, kata pezi la mkia la sentimita 14, likiwa na ulimi mbele wenye upana wa sentimita 2 na urefu wa 5. Mkia wa chewa ni wa mviringo kama kipepeo cha jikoni. Ule wenye panda ni wa jodari.

Ingiza ulimi kwenye shingo ya chupa ya nusu lita, pezi likiwa limesimama wima. Toboa kwa sindano ya moto shingo na ulimi kwa pamoja, sehemu mbili, pitisha waya, ukunje ncha zake ndani kwa koleo. Pezi likilala badala ya kusimama, umerudi tena kwa pomboo.

Kwa nini kidumu na si chupa? Plastiki ya kidumu hupinda na kurudi bila kuvunjika hata ikipindwa maelfu ya mara, ndiyo maana hata vifuniko vyenye bawaba hutengenezwa kwa plastiki za jamii hiyo. Ya chupa ya soda ikikunjwa mara nyingi mahali pamoja huchoka na kupasuka.

## Hatua ya 7: Mdomo

Geuza kichwa. Kila upande, katikati ya kimo chake, chora mstari kutoka mdomoni kwenda nyuma sentimita 8. Unganisha mistari hiyo kwa chini kwa mkunjo, kisha kata na uondoe nusu hiyo ya chini. Kilichobaki juu ni taya la juu.

Taya la chini halitoki hapo. Ukirudisha kipande kile kile, kitakuwa na kipimo sawa kabisa na tundu, na kikifungwa kitazama ndani na kunasa. Huo ndio ugonjwa wa pili niliousema mwanzo. Likate kutoka chupa ya pili kubwa: nusu ya bega, urefu sentimita 10, kingo zake zikipanda sentimita 1 zaidi ya mstari wa katikati. Likivaliwa kwa nje, litalipokea taya la juu kama mfuniko unavyoikumbatia sufuria. Piga pasi kingo zake kama nyingine.

Toboa tundu moja kila upande nyuma ya taya la chini, na tundu linalolingana nalo kichwani. Pitisha uzi wa nyavu wenye fundo kubwa ndani na fundo kubwa nje. Bawaba imekamilika, na haina ncha ya kumchoma mtu.

Sasa mpira. Ukanda wa tyubu ufungwe ndani, kutoka sakafu ya taya la chini, sentimita 4 mbele ya bawaba, hadi darini mwa kichwa, wima juu yake. Ukaze kiasi cha kulifunga taya bila kulilazimisha. Ukikaza mno, mchezaji atachoka kidole kabla ya nusu ya hadithi.

Kisha mshipi. Toboa kidevu, ncha kabisa, pitisha mshipi na ufunge kwa fundo la wavuvi: zungusha ncha mara tano kwenye mshipi wenyewe, irudishe kwenye kitanzi cha kwanza, ilowanishe kwa mate, vuta. Hayo mate si ushirikina. Fundo kavu la mshipi hupata joto la msuguano likikazwa na kudhoofika. Kama mtaani kwenu kuna mvuvi mzee, mwalike kwa hatua hii. Atawafundisha fundo hilo kwa dakika mbili na atakaa mpaka mwisho akiwasahihisha mapezi.

Fungua taya kwa kidole, achia. Ukisikia "ta!" umepata.

## Hatua ya 8: Fimbo

Fimbo ya mbele ni ya kichwa. Toboa tumboni mwa kichwa, sentimita 12 kutoka ncha ya pua, tundu la kuitosha fimbo. Ipandishe mpaka iguse dari, kisha kaza skrubu kutoka juu, ukitanguliza kizibo kilichotobolewa kama washa ili kichwa cha skrubu kisiipasue plastiki. Chini, pale fimbo inapotokea tumboni, kaza skrubu mbili ndogo kupitia waya uliofungwa kwenye matundu mawili, ili kichwa kisizunguke juu ya fimbo.

Fimbo ya nyuma inaingia kwenye pingili ya tatu kwa njia hiyo hiyo, lakini hii usiibane tumboni. Iache pingili izunguke kidogo juu ya fimbo. Mbele pagumu, nyuma palegevu: ulegevu huo ndio unaofanya mkia uchelewe.

Pitisha mshipi wa kidevu kwenye kitanzi cha waya kilichofungwa kwenye fimbo ya mbele, sentimita 10 chini ya tumbo. Mwisho wake funga kizibo cha kuvutia, mahali ambapo kidole cha shahada kinakifikia bila kuachia fimbo. Pima kwa mkono wa atakayecheza, si wako.

## Hatua ya 9: Mapezi, macho na rangi

Pezi la mgongo la chewa ni refu, na mtu hushawishika kulikata kipande kimoja kutoka kichwani hadi mkiani. Ukifanya hivyo umemtia samaki bendeji la mvunjiko. Likate vipande vitatu vya kidumu, kila kimoja kishonwe kwenye pingili yake, kisiguse jirani.

Mapezi ya ubavuni yawe ya kiroba, yapepee. Kingo za kiroba hufumuka, kwa hiyo zikunje na kuzishona.

Ule uwazi wa ubavuni usiupendao unafunikwa hivi: kata magamba kutoka chupa zilizoiva juani, yashone kwenye pingili ya mbele peke yake, yaning'inie juu ya uwazi. Magamba ya samaki nayo hulala hivyo, ya mbele yakifunika ya nyuma.

Macho ni vizibo vyeupe vilivyofungwa kwa waya, na duara jeusi la plastiki katikati. Usitegemee gundi. Gundi nyeupe haishiki plastiki hizi kabisa, na gundi ya moto hushika asubuhi ikaachia juani saa saba mchana. Vizibo ndivyo vibishi kuliko vyote.

Kuhusu rangi, maoni yangu ni kwamba rangi bora ni ile iliyokuja na chupa. Chupa ya kijani na ya buluu zikichanganywa hutoa samaki wa kupendeza bila brashi. Ukitaka kupaka, sugua kwanza kwa msasa mpaka plastiki iwe na ukungu, kisha tumia rangi ya mafuta. Rangi ya maji ya shule na ya ukuta hubanduka kama ngozi ya jua.

Na paka ndani ya chupa, kabla ya kuunganisha kwa uzi wa kudumu. Rangi iliyo ndani haiguswi na mikono wala haisuguliwi na gunia la kubebea. Lakini hapo mpangilio unageuka: madoa ya chewa yapakwe kwanza, yakauke, ndipo rangi ya mwili ije juu yake. Anayetazama kwa nje ataona madoa mbele. Kila warsha kuna mmoja anayesahau na kupata chewa asiye na doa hata moja.

Acha ikauke siku nzima. Hapa pwani, wakati wa masika, siku mbili.

## Kupanga warsha

Watu 12, samaki 4, watatu kwa kila samaki. Mkimpa kila mtu samaki wake, hamtamaliza hata mmoja. Wekeni meza tatu: ya kukatia, ya joto, na ya kufungia. Meza ya joto iwe na mtu mzima mmoja asiyeondoka hapo hata kwa chai. Wenye umri chini ya miaka minane wakae kwenye magamba, macho na kutoboa kwa pancha.

Kwa vitendo kazi hii ni ya vikao viwili vya saa tatu. Kikao cha kwanza kiishie hatua ya 4 na mazoezi ya kufunga kwa waya. Rangi ikauke katikati. Kikao cha pili kianze na uti wa mgongo.

Gunia moja la mabaki lisimame mlangoni. Vijipande vya plastiki vifagiliwe kabla watu hawajatoka, kwa kuwa vikishuka na maji ya mvua vitafika kwa chewa mwenyewe. Wala visichomwe. Chupa zilizobaki nzima zipelekwe kwa wanaonunua plastiki kwa kilo.

## Kumwogelesha

Mkono wa mbele ufanye kidogo, wa nyuma ufanye zaidi, na uchelewe. Hesabu kimoyomoyo "moja na mbili": kwenye "moja" kichwa kinageuka upana wa vidole viwili; kwenye "na" usifanye kitu; kwenye "mbili" fimbo ya nyuma inafuata kwa upana wa kiganja. Wengi hutikisa mikono yote pamoja, na ugonjwa wa kwanza unarudi ingawa viungo havina kasoro.

Mweke pua juu kidogo anapopanda, chini kidogo anaposhuka. Akitulia, atulie kweli. Hesabu hadi tano bila kutikisika, ndipo uvute mshipi.

## Akikataa

Anapinda upande mmoja tu: pindo za ubavu hazilingani, au uzi wa kiungo umevuka kwenda ubavuni. Kata zilingane.

Mkia unaning'inia: fundo la tumboni usiliguse, kaza la mgongoni.

Mdomo unafunguka lakini haurudi: mpira umefungwa karibu mno na bawaba. Usogeze mbele sentimita moja kabla ya kuubadilisha.

Mdomo haufunguki, fimbo ndiyo inayopinda: kitanzi cha waya kiko juu mno. Kishushe.

Uhifadhi wake ni wa kumning'iniza kwa pua, kivulini, fimbo zikielekea chini, na ukanda wa tyubu ukiwa umefunguliwa upande mmoja. Mpira ukikaa umevutika muda mrefu hulegea, kwa hiyo kata kanda nne siku ile ile ya kutengeneza na uzifunge kwenye fimbo ya nyuma, pamoja na njiti yako ya kiberiti.